Mgeni Rasmi Amekataliwa Kuingia

Wifi yangu alikuwa amebakiza asubuhi moja tu ya kuokoa kazi yake, na asubuhi hiyohiyo ofisi nzima ikaamua kufanya sherehe.

Nikisema wifi namaanisha wifi wa kweli, mke wa kaka yangu. Inabidi nifafanue kwa sababu pale ofisini hilo neno lilishatuchosha. Mimi nakaa mapokezi. Mtu anaingia, anaegemea kaunta, "Samahani dada, wifi ipo?" Namjibu, "Yupo, kapanda juu kutengeneza printa." Anabaki kunikodolea macho. Siku moja mkaguzi kutoka makao makuu akalalamika kwamba wifi leo iko taratibu sana. Nikamjia juu: "Muacheni jamani, hata chai hajanywa!"

Ofisi yetu inatoa vibali vya mabango. Ukitaka kutundika bango mlangoni kwako, hata liwe dogo kama sahani, lazima upite kwetu. Na kompyuta zetu zilikuwa zimezeeka vibaya. Unabonyeza herufi, unakwenda kunawa mikono, ukirudi ndiyo inatokea. Kuna kinyozi aliomba kibali cha bango la kinyozi; kilipotoka alikuwa keshahamia kwenye biashara ya mayai. Alikichukua hivyohivyo. Mpaka leo anauza mayai chini ya picha ya mkasi.

Wifi aliajiriwa kwa majaribio kama fundi wa kompyuta, akapewa kazi moja: kila kompyuta ya jengo itolewe mfumo wa zamani, iwekwe mpya. Ijumaa ikifika saa sita mchana zote zinafanya kazi, anapewa barua ya ajira ya kudumu. Zisipofanya kazi, ahsante kwa kuja, na kiti anakalia Mpwa.

Mpwa ni mtoto wa dada yake mkurugenzi. Jina analo, ila hakuna aliyewahi kulihitaji. Anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba na anatembea na flashi shingoni kama medali. Njia yake ya kuweka mfumo ni kuchomeka hiyo flashi kwenye kompyuta moja, kusubiri, kuchomoa, kuhamia nyingine. Alianza na kompyuta ya masjala mwaka jana. Bado anasubiri.

Na kama unadhani kukosa ajira ni jambo la kusema "pole" likaisha, basi humjui mama yangu. Mama ana duka la mapazia. Kwake duniani kuna kazi moja tu ya heshima, nayo ni kushona mapazia, na alishampa wifi neno lake: "Mkwe wangu, nenda kachezee nyaya zako. Zikikukataa, Jumamosi asubuhi nakutaka dukani. Utakaa hapa pembeni yangu nikufundishe kukunja marinda."

Pembeni yangu! Wifi alinivuta jikoni siku ile, kanishika mkono, mkono wa baridi.

"Wifi, mama yako nampenda. Mungu shahidi. Lakini tunaishi naye nyumba moja. Sasa nikikaa naye pembeni kutwa nzima, halafu jioni nirudi nyumbani nimkute yeye, si nitachanganyikiwa? Nitaanza kukunja marinda usingizini!"

Nikamwambia ajitahidi. Akanijibu ajitahidi nini, kazi yenyewe imeshaisha bado kubonyeza. Maana wifi naye mdomo anao, usimuone hivi. Tangu wiki ya kwanza alikuwa anakuja kutamba pale kaunta huku anakula karanga zangu.

"Wewe tazama. Mimi sihangaiki meza hadi meza kama muuza sabuni. Mfumo mzima nimeuweka kwenye seva, ndani ya folda moja ya pamoja. Kompyuta ikiwaka, kabla haijafanya chochote inapiga hodi kwenye mtandao. Seva inaitikia karibu, inaielekeza folda ilipo, inaingia, inabeba mfumo, inajiwekea yenyewe. Zote kwa mpigo! Mimi nimekaa hapa nakula karanga."

"Karanga zangu. Na mtu yeyote akipiga hodi anaingia tu?"

"Thubutu! Kwenye folda lazima utaje jina na neno la siri. Nimefungua jina moja, wanatumia wote. Hilo jina linaruhusiwa kuangalia kila kitu, ila kugusa au kubadilisha, hapana." Akaanza kucheka mpaka karanga ikampalia. "Nimeliita mgeni rasmi!"

Nikacheka nami, nikampiga mgongoni ateme ile karanga. Kwani si ndivyo mgeni rasmi alivyo? Anazungushwa, anaoneshwa, anatikisa kichwa, anaondoka. Kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa.

Sasa mkurugenzi. Mkurugenzi wetu tunamwita Kamusi, akiwa hayupo. Hataki maneno ya kuokota. Kompyuta kwake ni tarakilishi, simu ni rununu, na ukimwita bosi anageuka nyuma kumtafuta huyo bosi ni nani. Alishaunda kamati ya istilahi, ikakaa vikao na soda mpaka ikatoa maneno ya lazima kwa matangazo yote ya ofisi. Seva ikaitwa mtumishi. Ile seva kubwa, ya kabatini kule ukumbini, ikaitwa mtumishi mkuu. Kamusi akatia saini bila kusoma, maana siku hiyo alikuwa anawahi semina ya umuhimu wa kusoma.

Na yeye mwenyewe akisimama kuhutubia anajiitaje? "Mimi, mtumishi wenu mkuu." Kila hotuba. Hata akiaga anakwenda nyumbani.

Alhamisi jioni wifi akaandika tangazo kwenye kundi la ofisi la kwenye simu. Akatumia maneno ya kamati yote, asije akasahihishwa:

*Ndugu watumishi, kesho saa nne asubuhi mgeni rasmi ataingia kwa mtumishi mkuu. Kila mmoja aache tarakilishi yake inawaka, asikae mezani, asiguse chochote mpaka mgeni amalize. Vya zamani vyote vitafutwa. Vilivyofutwa havitarudi. Ahsanteni.*

Simu yangu ikaanza kulia ting, ting, ting. "Tumepokea." "Tumepokea." Mmoja akaweka dole gumba, mwingine maua, mwingine sijui kwa nini akaweka keki. Hakuna aliyesoma. Kwenye lile kundi kujibu ni lazima, kusoma ni hiari.

Aliyesoma ni mmoja tu, Kamusi.

Ijumaa nafika kazini nakuta zulia jekundu mlangoni. Nikarudi nyuma kidogo kuangalia kama nimekosea jengo. Mlinzi kavaa glavu nyeupe, kasimama kama kapigwa msumari. Maua ya plastiki ya mapokezi yameoshwa, kumbe yalikuwa ya njano! Na Kamusi yuko katikati ya ukumbi, suti nyeusi, tai nyekundu, jasho linamtoka utadhani kabeba friji.

"Dada wa mapokezi! Umelisoma tangazo?"

"Nimesoma bosi. Mkurugenzi. Nimesoma."

"Mgeni rasmi anakuja kwangu. Kwa mtumishi mkuu! Saa nne!" Akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Na pale mwisho umepaona? Vya zamani vyote vitafutwa. Sasa humu ndani cha zamani ni kipi? Viti tumebadilisha. Rangi tumepaka. Cha zamani nimebaki mimi."

Maskini! Nilifungua mdomo nimweleze, na hapohapo wifi akaingia, kompyuta ndogo kwapani, akaelewa yote kwa kutazama zulia tu.

"Mkurugenzi, samahani," akasema, "hapa hatujaelewana. Mgeni rasmi siyo mtu."

Kamusi akainua kidole. "Si mtu."

"Eeh?"

"Husemi siyo mtu. Unasema si mtu. Tukanushe vizuri."

"Haya. Mgeni rasmi si mtu."

"Naam!" Kamusi akajifuta paji la uso. "Si mtu wa mchezo kabisa! Nimewapigia makao makuu tangu alfajiri, nawauliza ni nani anakuja, wananiambia hawana taarifa. Hawana taarifa! Unaelewa maana yake? Ni mkubwa mno huyo, hata wao wanamwogopa!" Akaondoka mbio kupanga viti.

Nikamgeukia wifi. "Mwambie tena!"

"Nimemwambia, kanisahihisha."

"Sasa?"

Wifi akatupa macho huku na huko. Meza zote tupu, watu wote wako ukumbini wanagombea viti vya nyuma. Nikaona tabasamu linaanza pembeni ya mdomo wake.

"Wifi yangu, waache washerehekee. Ofisi tupu namna hii nitaipata wapi tena? Hakuna wa kuniuliza kama anaweza kuprinti kidogo. Mimi nabonyeza saa nne, mpaka wachoke kumsubiri mgeni wao nimeshamaliza."

Na kweli, saa nne alibonyeza. Aisee! Mimi hata kompyuta sizipendi, lakini kile kitu kilinisisimua. Jengo zima kompyuta zilijizima, kimya, halafu zikaamka moja baada ya nyingine kama watoto wa bweni. Kwenye kila skrini maneno yakatokea: HODI. Halafu: KARIBU. Halafu: MGENI RASMI ANAINGIA. Na mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Ukumbini kuna runinga kubwa, imeunganishwa na kompyuta mojawapo ya chumba jirani, hata umeme inavuta hukohuko. Kamusi kuona MGENI RASMI ANAINGIA, akaruka. "Wote tusimame!" Watu wakasimama, wakageukia mlango, wakapiga makofi. Mlango ukabaki wazi. Akaingia paka. Wakaendelea kupiga makofi kidogo, kwa tahadhari, halafu wakaacha.

Mambo yangeishia hapo bila kelele, kama si fundi spika.

Ukumbi ule soketi inayofanya kazi ni moja. Nyingine zilikufa zamani, zimebaki pambo la ukutani. Na hiyo moja iko ndani ya kabati la seva. Seva ina betri yake, haina neno, ila soketi ndiyo inayolisha swichi, kile kisanduku chenye taa za kijani ambacho nyaya zote za jengo zinakutania. Fundi spika alikodishwa asubuhi hiyo, hajui hili wala lile. Akafungua kabati kutafuta umeme, akakuta kisanduku kinakonyeza konyeza tu hata muziki hakitoi, akakichomoa. Akachomeka spika zake.

"Haloo, haloo. Moja mbili, moja mbili."

Mistari ya kijani yote ikaganda. Jengo zima. Maneno ya kwenye skrini aliyaandika wifi mwenyewe, na kwa kila aina ya kukwama alikuwa kaweka sentensi moja ileile, uvivu tu. Basi ile runinga kubwa ikageuka nyekundu pyu, ikaandika:

MGENI RASMI AMEKATALIWA KUINGIA.

Paka akaendelea kujilamba.

"Nani kamkataa?" Kamusi akauliza kwa sauti ndogo. Halafu kwa sauti kubwa: "NANI KAMKATAA?" Na mbio getini. Mimi nyuma yake, simu mkononi.

"Mlinzi! Umemzuia nani?"

"Mimi? Hakuna, mkuu." Mlinzi akajikuna kwa glavu. "Labda yule mama."

"Mama gani?"

"Mama mmoja kabeba mfuko. Hana kitambulisho. Nikamuuliza unakwenda kwa nani, akaniambia, kijana, nimekuja kuona kazi inavyokwenda. Nikamwambia mama, leo haiwezekani, tuna mgeni rasmi."

Kamusi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Kuona kazi inavyokwenda! Bila msafara! Bila kitambulisho! Ziara ya kushtukiza! Kaelekea wapi?"

Mlinzi akanyoosha kidole barabarani, na suti nyeusi ikatimka. Sikuwahi kumuona Kamusi akikimbia. Anakimbia kama mtu anayeshuka ngazi. Baada ya muda nikamuona anarudi, kabeba mfuko mkubwa wa plastiki kifuani kama mtoto mchanga, na mbele yake, polepole, kwenye zulia jekundu, anatembea mama yangu.

Mama yangu mzazi! Na kilemba chake cha kwendea harusini. Kwenye ule mfuko nikaona kitambaa cha pazia kinachungulia.

Nilisimama mlangoni. "Karibu, mgeni," nikasema, sauti imenitoka kama ya filimbi mbovu.

"Ahsante, binti," Mama akanijibu, akanipita kama hajawahi kunisugua masikio maisha yake yote. Ila alipofika usawa wangu alinifinya. Finyo moja tu, nikaelewa: *Nyamaza. Sijui hawa wana nini, lakini viti vyao vizuri.*

Kule ndani wifi alikuwa kwenye kabati anapigana na fundi spika kwa kunong'ona. "Kaka, nakuomba, nipe hiyo soketi. Kompyuta zimeshafutwa, mfumo mpya haujaingia, yaani saa hizi ni mabati matupu!"

"Dada, mimi nimeambiwa na mzee mwenye tai. Spika zikizimika silipwi."

"Basi tafuta ekstensheni tushirikiane!"

Ekstensheni ya ofisi anayo Mpwa. Wifi akamgeukia. Mpwa akavua miwani taratibu, akaipuliza, akaivaa. "Ekstensheni ipo kabatini kwangu. Ufunguo ndio siuoni. Lakini usijali dada, zikishindikana mimi nipo." Akaipapasa flashi yake. "Nitaanzia masjala."

Ndipo wifi akainua macho akamuona anayekaribishwa meza kuu. Rangi ilimtoka.

"Wifi," akaniambia, kanishika bega, "yule si..."

"Ndiye."

"Amekuja kunichukua. Hata Jumamosi haijafika!"

Kamusi alihutubia kwa ufupi, maana yake tulichoka lakini hatukuzeeka. Akamshukuru mgeni kwa unyenyekevu wa kuja kwa miguu. Akaomba radhi kwa kilichotokea getini. Akasema yeye, mtumishi wao mkuu, bado ana nguvu, bado ni mpya kabisa ndani. Halafu akamkabidhi Mama kipaza sauti kwa mikono miwili.

Mama hakuwahi kushika kipaza sauti maishani. Alikitazama. Akakigonga. *Pum.* Akasikia ule mlio unazunguka ukumbi mzima unamrudia, na mimi nikaona jicho lake linavyowaka, nikajua tumekwisha.

"Hamjambo?"

"Hatujambo!"

"Sijawasikia!"

"HATUJAMBO!"

Jamani, Mama alitamba. Alianza na madirisha. Alisema ameingia humu akaona madirisha yako uchi, akaona aibu kwa niaba yao. Kamusi akaandika: madirisha, uchi. Akasema nyumba isiyo na pazia ni kama mtu aliyevaa kofia bila suruali. Makofi! Akaingia kwenye aina za vitambaa. Akaingia kwenye tabia za vijana wa leo. Akaingia kwenye ugomvi wake na jirani wa duka, na ukumbi mzima ukalaani jirani. Kila akikaribia kumaliza anasema "la mwisho", halafu la mwisho linazaa.

Saa iliyo ukutani ikapita tano. Ikapita tano na nusu. Nje kwenye kaunta yangu waombaji wa vibali wamejaa wanapiga kengele. Mpwa keshakaa karibu na mlango, mguu mmoja juu ya mwingine, anajizoeza kukalia kiti.

Wifi alikuwa amepiga magoti ndani ya kabati. Mkono mmoja kashika waya wa swichi. Mwingine ameuweka juu ya waya wa spika. Fundi spika katoka nje kuvuta hewa, kwa hiyo hakuna wa kumzuia. Hakuna, ila ile sauti ya spika.

"Chomoa," nikamnong'oneza.

"Wewe rahisi kusema, yule ni mama yako! Mimi ni mkwe!" Machozi yalikuwa karibu kabisa. "Nimkate mama mkwe maneno mbele za watu? Kashika kipaza sauti? Kaka yako nitamwambia nini? Ukoo mzima nitauambia nini?"

"Usipochomoa, kesho uko pembeni yake."

"Nikichomoa, kesho siko popote!"

Mle ukumbini Mama anasema: "Na sasa, la mwisho kabisa, niwaambie kuhusu wakwe wa siku hizi..."

Wifi akafumba macho, akavuta.

Sauti ikakatika katikati ya neno. Mama akabaki anachezesha midomo kama samaki. Akakigonga kipaza sauti. Kimya. Watu wote wakageuka, Kamusi akageuka, na wifi akatoka kabatini, vumbi kichwani, swichi keshaichomeka, waya wa spika bado kaushika mkononi mwake. Hakujificha. Hapo nilimpenda, nakwambia.

"Nani kanizima?" Mama akauliza, na bila spika pia tulimsikia wote.

"Ni mimi, mama."

Kamusi alikaa chini, na hapakuwa na kiti.

Mama akamtazama wifi. Akamtazama juu mpaka chini, vile anavyotazama kitambaa kabla ya kukata. Nyuma ya mgongo wake ile runinga ikaacha wekundu. HODI. KARIBU. MGENI RASMI ANAINGIA. Wifi alikuwa amezipanga zikikatika zirudie kupiga hodi zenyewe, na sasa kutoka kila chumba tukasikia kompyuta zinaguna. Kamusi, akiwa bado sakafuni, akaona yale maneno, akaanza kupiga makofi kwa woga. Watu wakamfuata. Mama akadhani anapigiwa yeye, akapunga mkono, akaendelea kuhusu wakwe wa siku hizi kwa sauti ya kawaida, ambayo kwa Mama ni ya kuita mtu ng'ambo ya pili.

Alikuwa hajamaliza wakwe wakati kompyuta zilipomaliza. Nilitoka mbio kaunta, nikabonyeza herufi moja. Ikatokea. Papo hapo! Nikabonyeza nyingine, nikaandika jina langu, nikaandika la paka. Nikarudi ukumbini nimenyanyua vidole gumba viwili, na wifi akaegemea kabati kama mtu aliyetua mzigo. Ilikuwa haijafika saa sita.

Lakini barua haikuwa mikononi mwake bado. Mpwa alishasimama.

"Mjomba," akasema, "huyu fundi kamdhalilisha mgeni rasmi mbele ya wafanyakazi. Mimi nadhani kiti chake..."

"Ni kweli," Kamusi akasema, anajipangusa vumbi. Akamgeukia Mama, kainama. "Mheshimiwa, tunasubiri maelekezo yako. Huyu binti tumfanye nini?"

Ukumbi wote ukamtazama Mama. Wifi akainamisha kichwa.

Mama akavuta pumzi. "Huyu binti nilikuwa na mpango naye. Nilitaka nimchukue nikae naye."

"Makao makuu?" Kamusi akanong'ona.

"Kwangu."

"Ndiyo, kwako, Mheshimiwa."

"Simtaki tena." Mama akasogeza kilemba. "Mtu anayeweza kunikata maneno mimi, mbele ya kadamnasi yote hii, halafu akatoka akasema ni mimi? Huyo nikae naye pembeni kutwa nzima? Atanizima na mimi! Kaeni naye wenyewe. Na mumuandikie barua ya moja kwa moja, isiwe ya majaribio, asije akanirudia."

"Lakini mjomba..."

"Nyamaza, Mheshimiwa anaelekeza!" Kamusi akapiga kelele. "Barua iandikwe sasa hivi!"

Ikaandikwa kwenye kompyuta ya kaunta yangu. Ilitoka kwenye printa haraka mpaka Kamusi akarudi nyuma hatua moja, akauliza kama tuna hakika ni hiyo. Akasahihisha mkato mmoja, akatia saini, na safari hii alisoma kila neno, maana Mama alikuwa amesimama nyuma yake.

Tulimsindikiza Mama hadi getini, mimi na wifi, yeye katikati, mfuko wake nimeubeba mimi. Mlinzi akampigia saluti ya glavu. Wifi alikuwa kaikunja barua ndani ya blauzi. Tulipofika barabarani akapiga magoti palepale, kwenye vumbi.

"Mama, nisamehe. Sikuwa na njia nyingine."

"Inuka, utachafua sketi." Mama akamvuta. "Nilikuona kwenye lile kabati. Tangu nilipoanza. Umeshika nyaya zako unatetemeka kama kuku. Nikasema ngoja nione kama ataweza."

"Ulikuwa unanijaribu?"

"Nilikuwa nazungumza! Kukujaribu ilikuja baadaye." Akachukua mfuko wake kwangu. "Na yule baba mwenye suti ana akili timamu?"

"Ni mkurugenzi wetu, Mama," nikasema.

"Sikuuliza cheo."

Akatembea hatua chache, akasimama, akageuka kulitazama jengo: zulia, maua ya njano, madirisha yake uchi. Akaramba midomo.

"Hivi wewe na hiyo simu yako," akaniambia, "huwezi kuulizia ofisi nyingine inayosubiri mgeni wiki ijayo?"